Mama Ndani ya Darubini

Kazi yangu ilinizoesha kuishi na vitu vilivyopinduliwa. Miaka ile ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara na zahanati za watu binafsi zikaanza kuchipuka mjini Mwanza, nilipata kazi ya maabara katika mojawapo, pale Mkuyuni, kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la misumari na mabati. Nilikuwa na meza, dirisha, kiti kilichonichania sketi zangu zote, na hadubini ya zamani iliyotumia kioo cha chini kuvuta mwanga wa jua, kwa sababu umeme ulikuja na kuondoka kadiri ulivyojisikia. Asubuhi hadi jioni nilitazama damu za watu nikitafuta malaria.

Mtu akikaa kwenye hadubini kwa mara ya kwanza hugombana nayo. Anasukuma kioo chenye damu kulia, anachokitazama kinakwenda kushoto. Anakisukuma mbele, kinarudi nyuma. Wanafunzi walioletwa kwangu walidhani mashine ni mbovu, na mimi, ambaye sijawahi kuwa na subira, niliwaambia mashine ni nzima ila wao hawajui wanatazama nini. Hutazami damu, niliwaambia. Lenzi ya chini, ile ndogo inayokaribia kugusa kioo, inachukua mwanga uliopita kwenye damu na kujenga picha yake kubwa huko juu, ndani ya bomba. Mwanga wa upande wa kulia na ule wa kushoto unapishana njiani, kwa hiyo picha inajengwa ikiwa imepinduka. Lenzi ya juu, ya jichoni, ni kioo cha kukuzia tu. Inaikuza picha ile, na wewe unaona picha ya picha.

Jambo ambalo sikuwaambia, kwa kuwa lilinitia hofu mimi mwenyewe, ni kwamba picha ile ya kwanza haiko juu ya kitu chochote. Mle ndani hakuna karatasi wala ukuta wa kuipokea. Imesimama hewani, gizani, katikati ya bomba tupu. Siku moja ya mvua, wagonjwa wakiwa hawaji, nilichomoa lenzi ya juu nikachungulia pale ambapo picha ilipaswa kuwa. Hapakuwa na kitu. Nikairudisha lenzi, nikaiona damu ileile imejaa tele, nikaenda kusimama dukani na wenzangu hadi mvua ikaisha.

Mama yetu aliishi upande wa Misungwi, kando ya ghuba, karibu na mwalo mdogo ambapo mitumbwi hushushia samaki. Baba alikuwa amezikwa palepale, nyuma ya nyumba. Kaka yangu, mkubwa wangu, alikuwa mnunuzi wa sangara kwenye mwalo huo. Viwanda vya minofu vilikuwa vimefunguliwa mjini, magari ya barafu yalikuwa yakipishana kwenye vumbi, na pale palipokuwa na mnunuzi mmoja tangu tukiwa wadogo sasa walikuwepo wengi, wote wakiviziana. Kaka akaona atawashinda wenzake kwa macho. Alikwenda Mirongo, kwa wauza mitumba, akarudi na darubini.

Lilikuwa bomba la shaba la kuvuta, kipande kinaingia ndani ya kipande, kwa nje limevikwa ngozi nyeusi iliyochakaa. Aliliegemeza kwenye mti wenye panda nje ya banda la mizani na kulielekeza ziwani. Mtumbwi wenye samaki wengi huzama kidogo majini, mtupu huelea juu juu. Kaka aliona mapema nani amejaza, akatuma boti yake ya injini ikutane naye mbali kabla wengine hawajaamka vizuri. Walipomuuliza anajuaje, aliwaambia ana dawa. Kaka ni mtu wa mzaha tangu tumboni, na mzaha wake umewahi kutuletea matatizo zaidi ya mara moja. Baadaye aliwaruhusu watu wachungulie, na kwa miezi kadhaa mwalo mzima ulikuwa umeizoea darubini ile kama redio ya jirani.

Mimi niliitazama nilipokwenda kumsalimia mama wakati wa likizo. Niliona wavuvi wawili ng'ambo ya ghuba, wanabishana. Niliona meno yao, niliona mmoja akitema mate, na sauti haikuja. Midomo ilifunguka na kufungika bila neno. Halafu mmoja wao akageuka akanitazama moja kwa moja, machoni. Niliondoa jicho haraka. Pale walipokuwa palibaki nukta nyeusi juu ya maji, na hakuna mtu ambaye angeweza kuniona kutoka kule. Hata hivyo nilijifunga khanga mabegani, jua likiwa utosini.

"Silipendi hili lidude lako," nilimwambia kaka. "Tena nashangaa. Mashine yangu inapindua kila kitu. Hili mbona halipindui?"

"Yako umenunuliwa ya bei rahisi," akasema, na wote pale bandani wakanicheka.

Niliacha hivyo. Nilirudi Mkuyuni kwenye damu zangu, hadi mchana mmoja kaka aliponijia zahanati bila taarifa, akakaa kwenye benchi la wagonjwa kama mtu aliyekuja kupimwa. Hakuwa amenyoa. Nilimtoa nje, tukasimama kwenye uchochoro.

"Wamemwona mama," akasema. "Kwenye darubini. Kichwa chini, miguu juu."

Inabidi nieleze jinsi maneno hayo yalivyoingia. Kwetu, mtoto yeyote alikua akijua kwamba mchawi akiwa kazini hutembea kichwa chini. Na miaka ile, upande wetu, mwanamke mzee mwenye macho mekundu hakuwa salama. Mama alikuwa na macho mekundu kwa sababu tangu aolewe alipikia mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe katika jiko lisilo na dirisha. Kila mtu pale mwaloni alijua ni moshi, na kila mtu alijua pia wazee wenye macho kama yale ambao walikutwa asubuhi wamekatwakatwa kwa mapanga ndani ya nyumba zao. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja katika vichwa vya watu bila kusumbuana.

Kaka akanisimulia. Asubuhi moja alikuwa ameifungua darubini kupangusa visubi wa ziwani walioingia ndani. Gari la barafu likapiga honi, akaunga vipande harakaharaka, akapanda kwenda kiwandani mjini. Mchana, mpima mizani wake, mtu mzima mtulivu asiyependa maneno, akaona mtumbwi unakuja na kutaka kujua ni wa nani. Picha ilikuwa ukungu. Alisukuma vipande ndani, zaidi ya siku zote, hadi ghafla kila kitu kikawa safi, safi kuliko alivyowahi kuona. Katikati ya usafi huo alikuwepo mama yetu, akitoka kuchota maji, akipita juu ya mawe ya ufukweni. Miguu yake ilikanyaga juu. Kichwa chake kilining'inia chini, na juu ya kichwa hicho, yaani chini yake, ilikuwepo ndoo imejaa maji, na maji hayakumwagika. Alimwita mwenzake anayepakia barafu, naye akatazama, naye akaona. Wakaifunga darubini kwenye gunia. Tangu siku hiyo hakuna aliyeigusa, na mama hakuna aliyemsalimia.

"Na wewe ulitazama?" nikamuuliza.

Alitazama chini. "Ni mama yangu. Ningeona nini?"

Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa ameitisha kikao kesho yake mchana. Tulijua baada ya kikao cha namna hiyo huja nini. Niliomba ruhusa, nikakataliwa, nikaondoka hivyohivyo.

Nilimkuta mama anachambua dagaa mlangoni, peke yake, katika saa ambayo siku zote alikuwa na wenzake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

Nilimwambia afungashe, tunaondoka pamoja kwenda Mkuyuni jioni hiyohiyo. Akasema akiondoka watasema amekimbia, na baba yetu atabaki na nani. Nikabishana naye hadi nikachoka. Yeye aliendelea kutoa vichwa vya dagaa, na baada ya muda akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi:

"Siku ile jua lilikuwa kali. Nilipofika kwenye mawe kichwa kikazunguka, nikasimama kidogo. Sasa najiuliza, mwanangu. Mtu akiwa hivyo, mwenyewe hujua?"

"Akiwa vipi, mama?"

"Vile walivyoniona."

 Nilikuwa nimekuja kupigana na mwalo mzima, na sikufikiria kwamba mama mwenyewe angekuwa amesimama upande wao. Nikamwambia asirudie kusema maneno hayo. Akasema wapo wanaosema kwamba wengine hawajui, kwamba kitu hicho humkaa mtu kama ujauzito wa siku za mwanzo. Alikuwa anaogopa, na aliyemwogopa ni yeye mwenyewe. Nililala kando yake, na kila aliposhtuka usingizini na mimi nilishtuka.

Asubuhi nilikwenda bandani. Mpima mizani alikuwepo. Nilipoanza kufungua gunia alisema, "Dada, usilifungue mimi nikiwa hapa," akatoka akaenda kusimama nyuma ya gari la barafu. Niliiegemeza darubini kwenye mti, nikaielekeza kwenye mawe, nikasukuma hadi picha ikatulia.

Mara ya kwanza sikuona tatizo lolote. Mawe ya kwetu, anayeyajua anayajua, yamebebana jiwe juu ya jiwe, mengine makubwa yamekaa juu ya madogo bila sababu. Ukiyapindua ni yaleyale. Ziwa lilikuwa limetulia, rangi moja na anga, huwezi kusema hili ni maji na hili ni mawingu. Upepo hakuna, mtu hakuna. Nikajisemea mbona ni pazuri tu.

Halafu mama akaingia. Alikuwa ananiletea khanga niliyoisahau. Aliingia kutoka pembeni, miguu juu, akikanyaga chini ya mawe yaliyoning'inia, na khanga mkononi mwake ilianguka kuelekea juu. Uso wake ulikuwa karibu nami kuliko alivyolala usiku. Nilimwona akitabasamu, na tabasamu lililopinduka si tabasamu.

Nasema kweli: nilimwamini mpima mizani. Mimi niliyesomea, mimi niliyewafokea wanafunzi, nilisimama pale na moyo wangu ukasema ni kweli, mama yangu ni hivi. Sijawahi kuhisi baridi ya namna ile.

Kilichoniokoa ni mkono. Uliteleza, bomba likaenda kulia. Mama alipaswa kuachwa upande wa kushoto. Badala yake akakimbilia kulia pamoja na bomba. Mkono wangu ulikijua kitendo hicho. Ulikuwa umekifanya kila siku kwa miaka, na kioo cha damu. Nikasogeza kushoto, mama akakimbilia kushoto. Nikainamisha, nikainua. Kila mara alikwenda kinyume na inavyopaswa, kama chembe ya damu. Nilikaa chini kwenye mchanga, nikacheka, nikalia pia kidogo.

Darubini ni dada wa hadubini. Tofauti ni kwamba lenzi yake ya mbele ni kubwa na inachukua mwanga wa kitu kilicho mbali. Mwanga unaotoka kichwani mwa mtu unaingia ukishuka, unaotoka miguuni unaingia ukipanda, unapishana, na ndani ya bomba inajengwa picha ndogo sana iliyopinduka. Ni ndogo, lakini imeletwa karibu na pua yako, na lenzi ya jichoni inaikuza. Kwa nyota haidhuru, nyota haina kichwa wala miguu. Kwa anayetazama watu na mitumbwi, waundaji huweka katikati lenzi nyingine mbili ndani ya kikopo kidogo, kazi yake ni kuipindua picha mara ya pili isimame. Niliichunguza darubini ya kaka, nikaona ndani yake mahali pa kufunga kitu, pakiwa patupu. Mimi na kaka tulikitafuta kikopo hicho nyumbani kwake, tukakikuta na mwanawe mdogo, akikipuliza kama filimbi.

Niliingia kwenye kikao nikiwa nimeshashinda, au ndivyo nilivyodhani. Watu walikusanyika mbele ya banda, wanaume kwenye kreti za samaki, wanawake wamesimama pembeni. Mama alikalishwa peke yake upande mmoja. Niliwaonyesha kikopo, nikakifunga mahali pake, nikamwomba mwenyekiti atazame ng'ombe aliyekuwa anakunywa maji ng'ambo. Akasema ng'ombe yuko wima. Nikakitoa kikopo, nikasukuma bomba, nikamwomba atazame tena. Alitazama, akaondoa jicho.

"Ng'ombe huyu ni wa nani?" akauliza.

Mwenye ng'ombe alikuwepo. Nilimwona akigeukia upande mwingine.

Nikaeleza tena, kwa kuchora mchangani, mistari inavyopishana. Mzee mmoja aliyekaa karibu na mizani alifuatilia kila nilichochora. Hakuwa mjinga, na hilo ndilo lililokuwa baya. Akaniuliza, vioo vyote vinne vikiwamo, picha ni safi zaidi au hafifu zaidi. Nilimjibu kweli: ni hafifu kidogo, kila kioo kinakula mwanga.

"Na vikipungua?"

"Inakuwa safi zaidi, baba."

"Kwa hiyo kikopo hiki ndicho kilichokuwa kinatuficha," akasema taratibu. "Aliyeunda kitu hiki alijua kitaonyesha nini. Akaweka kizuizi."

Watu waliguna.  Yote niliyosema yalikuwa kweli, na kila ukweli ulimsogeza mama karibu zaidi na mapanga. Yule wa barafu akasema naye aliona kwa macho yake, maji ndooni hayakumwagika. Nikamwambia hata maji yamepinduliwa, ndoo na maji na jiwe na ziwa, vyote. Akasema yeye hakuona ziwa limepinduka. Na ni kweli, hakuliona.

Hapo hasira zikanipanda. "Basi mtazameni mwingine yeyote," nikasema. "Chagueni mtu, apite kwenye mawe pale, atazamwe. Mwenyekiti, wewe."

Mwenyekiti akasema mguu unamsumbua. Nikamgeukia mzee wa maswali, akajifunga koti. Nikawatazama mmojammoja. Hakuna aliyeinuka. Wanaume wanaolala ziwani kwenye dhoruba walitazama vidole vya miguu yao, na nikaelewa kwamba nusu yao walikuwa wanajiuliza kile alichojiuliza mama akichambua dagaa. Hakuna aliyekuwa na hakika angeonekanaje. Nikasikia barafu ikidondoka kwenye gari.

Aliyeinuka alikuwa mama yake mpima mizani. Alikuwa mzee kuliko mama, na macho yake hayakuwa meupe zaidi. Wao wawili walichota maji pamoja kwa miaka yote niliyokuwa hai, na tangu siku ya darubini hakuwa amefika nyumbani kwetu.

"Nitapita mimi," akasema. "Mwanangu ndiye aliyeona. Mwanangu atazame."

Alikwenda kwa fimbo yake, tukamsubiri. Mpima mizani aliletwa mbele ya bomba, kikopo kikiwa bado mkononi mwangu. Hakutaka, lakini watu wote walikuwa wanamtazama. Aliweka jicho. Kule mbali, kwa macho yetu, mama yake alikuwa kijidoa cha rangi juu ya mawe. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa naye karibu. Niliona kidole chake kikisukuma bomba, nikaona kimesimama, nikajua picha imetulia. Nikasubiri aseme.

 Alikaa na jicho lake pale muda ambao hata watoto waliacha kuchezacheza. Shingo yake ililowa jasho.

"Unaonaje?" mwenyekiti akauliza.

"Yuko wima," akasema mpima mizani.

Kama mama yake yuko wima, basi mama yangu amebaki peke yake kichwa chini. "Anadanganya," nikasema. "Mwenyekiti, tazama mwenyewe, bado yupo palepale."

Mwenyekiti akanyoosha mkono, lakini mpima mizani hakuiachia darubini. Aliikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, akarudi nyuma hadi mgongo ukagonga mizani. Kaka na mwingine wakamshika. Hakupigana nao, alijikunja tu juu yake.

"Msimtazame mama yangu," akasema. Alikuwa analia, mtu mzima yule. "Nawaomba jamani. Msimtazame."

Hakuna aliyehitaji kutazama baada ya hapo. Mwenyekiti alimwangalia, akamwangalia mama yetu pale alipokaa, kisha akawatazama wanawake waliosimama pembeni, ambao miongoni mwao alikuwepo mke wake na dada yake. Akamwambia kaka airudishe darubini kwenye gunia, na aende nayo kwake. Akasema kikao kimefungwa. Watu waliondoka bila kuagana, wakipita mbali na banda, na wengine niliwaona wakiinama wasionwe walipokuwa mbele ya lile gunia.

Tangu siku ile hakuna aliyemtaja mama kwa jambo lile. Ningependa kuandika kwamba walielewa. Hawakuelewa. Kila aliyefikiria kunyoosha kidole alikumbuka kwamba bomba lipo nyumbani kwa kaka, na mwelekeo wake unaweza kubadilishwa.

Jioni ile, kabla jua halijazama, mama aliniita jikoni.

"Yule mwenzangu," akasema. "Na wewe ungemtazama, ungemwona vipi?"

"Kichwa chini, mama. Kama kila mtu. Kama ng'ombe."

Akakoroga chungu. "Kwa hiyo tuko wawili," akasema, na sauti yake ilikuwa nyepesi, nyepesi kuliko ilivyokuwa tangu nifike.

Maneno hayo yaliniuma kuliko kikao kizima. Sikutaka alale akiamini hivyo hata usiku mmoja zaidi. Nilikwenda kwa kaka, nikaichukua darubini bila kikopo, nikaiegemeza kwenye ukuta wa nyumba yetu, nikamweka mama jicho pale na kumwonyesha jinsi ya kusukuma. Nikamwambia anitazame mimi, binti yake aliyemzaa mwenyewe, na ataona kwamba hata mimi. Nikaenda hadi kwenye mawe, nikapanda jiwe la juu, nikageuka. Kutoka pale nyumba ilikuwa ndogo kama kiberiti na mama hakuonekana vizuri. Nilipunga mkono. Hata niliruka, kama mtoto, ili aone vizuri. Kisha nikasimama wima, nikatulia, nikimpa muda wa kuelewa.

Niliporudi alikuwa amekwisha kuifunika darubini kwa khanga yake na kuipigia fundo. Alinishika mkono, akaniingiza ndani, akafunga mlango kwa komeo. Alinishika uso kwa viganja vyote viwili, vikinuka moshi, akanitazama kwa yale macho mekundu, na hakukuwa na hofu tena ndani yake, ila huruma.

"Nimekuona, mwanangu," akanong'ona. "Usimwambie mtu. Hata wakiniuliza wao, nitasema ulikuwa umesimama vizuri."